Hekta za Wajao

Shahidi wa tatu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, na alikuwa bado hajazaliwa. Angezaliwa baada ya miaka kumi na sita, kama mambo yangekwenda jinsi mashine ilivyosema. Aliketi ng'ambo ya kioo, mikono juu ya mapaja, gauni lake la kijani limefungwa hadi kifungo cha juu kabisa, akimtazama Atupele Mwalupembe kwa subira ya mtu aliyezoea foleni za ofisi za serikali.

"Jina lako?"

"Wendelina."

"Unaishi wapi?"

"Swila Mpya, mtaa wa nane. Nyumba ni ya ghorofa mbili, ya chini ndiyo yetu."

"Na huko kwako ni mwaka gani?"

"Elfu mbili mia moja ishirini na nne."

Atupele aliandika kwa kalamu, kwa sababu karatasi ilikuwa kitu pekee katika jengo lile ambacho hakuna mtu angeweza kukibadilisha akiwa ghorofa nyingine. Kwa miaka tisa alikuwa muulizaji wa kiapo wa jiji la Lukangao. Sheria ililikataza jiji kusogeza mpaka wake hata kwa hatua moja kabla halijathibitisha kwamba watu wake wa miaka hamsini ijayo watakosa pa kuishi. Na kwa kuwa watu hao hawakuwepo, Mfumo wa Makadirio uliwatengeneza. Ulichukua kila kaya ya leo, ukawafungisha ndoa vijana wake, ukawapa watoto, ukawahamisha, ukawazika, mpaka ukapata jiji zima la watu wenye sura, sauti na kumbukumbu. Waliitwa Wajao. Watumishi wa Idara ya Mipango waliuita mfumo wenyewe Mnajimu, ingawa si mbele ya Mkurugenzi.

Kwa kila ombi, Wajao watatu walichaguliwa kwa bahati nasibu. Binadamu mmoja aliyeapa aliwahoji, kisha akatia sahihi kwamba haja yao ya ardhi ni ya kweli, si ya kupangwa. Asipotia, ombi zima lilianguka, na jiji halikuruhusiwa kuomba tena mpaka miaka kumi ipite.

Ombi la safari hii lilikuwa kubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona: hekta elfu kumi na moja na mia nne, yaani Bonde lote la Swila. Mashahidi wawili wa kwanza walikuwa wamemaliza maswali yao asubuhi ile, dakika ishirini kila mmoja, bila kujikwaa hata mara moja. Hapo ndipo Atupele alipoanza kushuku. Watu hujikwaa. Husahau mwaka aliozaliwa mtoto wa pili, hubishana na wewe kuhusu jina la barabara.

Akaifunika orodha ya maswali kwa kiganja.

"Jumapili mnapika nini?"

Wendelina akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Wali, na nyama tukijaliwa. Ila bibi hakosi kulalamikia vitunguu. Anasema vya dukani ni maji matupu, si kama vile alivyokuwa akilima yeye."

"Alilima wapi?"

"Hapahapa Swila, kabla haijawa mtaa. Alikuwa na majaruba sita kando ya mfereji."

"Akaja mjini lini?"

"Mwaka ule mpaka uliposogezwa. Walivunjiwa, wakakaa kwanza mabwenini, mjini. Baada ya miaka ndiyo tukapata hii nyumba, huku huku bondeni. Mama yangu alikuwa na miaka kumi na mitatu walipovunjiwa."

Kalamu ilisimama. Atupele aliisoma sentensi ile aliyokwisha kuiandika, akaisoma tena. Kama bibi yule alifika mjini kwa sababu mpaka umesogezwa, basi mjukuu wake hakuwa sababu ya kuusogeza. Alikuwa matokeo yake. Jiji lilikuwa linaomba bonde ili liwape nyumba watu ambao lingewanyang'anya bonde hilohilo.

"Bibi yako anaitwa nani?"

"Sechelela Chidaga. Bado yupo, ana miaka tisini na minne."

"Wendelina, nani alikufundisha kusema hayo?"

Uso wa shahidi haukubadilika. "Hakuna aliyenifundisha. Umeniuliza bibi alilima wapi." Kisha, taratibu: "Nimekosea kujibu?"

"Hapana. Umejibu vizuri."

"Maana mpaka usiposogezwa, sijui mimi nitakuwa wapi."

Atupele alimkazia macho kwa muda mrefu. Alitaka kujua kama sentensi ile ilitoka kwenye hofu ya mtu au kwenye kidole cha fundi fulani aliyejua muulizaji ni mama wa mtu. Kioo hakikumwonyesha lolote.

*

Mkurugenzi wa Mipango, Daktari Evarist Kihwelo, alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomfanya Atupele asimwamini kwa miaka yote tisa. Alimmiminia chai yeye mwenyewe. Ukutani nyuma yake ramani ya jiji ilikuwa inawaka, na kulizunguka jiji mstari mwekundu wa mpaka, umekaza kama mkanda wa suruali ya mtu aliyenenepa.

"Daktari, kati ya Wajao laki nne na elfu kumi watakaokosa pa kuishi, wangapi ni uzao wa Bonde la Swila?"

"Mfumo hauwagawi watu kwa asili yao. Tulikataza wenyewe, na tulikuwa na sababu nzuri."

"Siulizi asili. Nauliza wangapi watahitaji nyumba kwa sababu sisi tumewavunjia."

Kihwelo alikoroga chai yake ingawa haikuwa na sukari. "Watu huhama, Bi Atupele. Hata tusipowagusa, watoto wa Swila watakuja. Wewe mwenyewe ulitoka Rungwe."

"Nilikuja kwa hiari yangu."

"Sawa." Akanywa funda moja. "Lugano hajambo? Nililiona jina lake kwenye orodha ya nyumba za bondeni. Mia mbili na kumi na nane. Awamu ya kwanza ina nyumba elfu sita, kwa hiyo yeye hana wasiwasi."

Alilisema kama mtu anayemuulizia binti wa jirani. Atupele alijaribu kulipima neno lile, ni zawadi au ni onyo, akashindwa. Aliona tu kwamba Mkurugenzi wa Mipango wa jiji lenye watu milioni mbili ameikariri namba ya binti yake.

"Naomba kipimo changu cha kinyume," akasema.

Kihwelo aliweka kikombe mezani. Sheria ilimpa muulizaji haki moja katika kila ombi: kuiambia mashine iondoe jambo moja tu, kisha ihesabu upya miaka yote hamsini. Katika miaka tisa Atupele alikuwa ameitumia haki hiyo mara mbili, na mara zote mbili hesabu ilirudi vilevile.

"Unataka iondoe nini?"

"Mpaka ubaki ulipo. Kisha inieleze ni wangapi watakosa pa kuishi."

"Itachukua siku mbili."

"Nitasubiri."

Alipofika mlangoni alihisi Mkurugenzi bado anamtazama, akageuka. Lakini Kihwelo alikuwa amempa mgongo, anaitazama ramani.

*

Kesho yake aliendesha gari hadi Swila bila kumuaga mtu ofisini. Njiani aliangalia kioo cha nyuma mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alijiambia kwamba anakwenda kuhakikisha kama Sechelela Chidaga yupo kweli, kwa sababu mashine ingeweza kumbuni bibi kama ilivyombuni mjukuu.

Alikuwepo. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na minne, ameketi juu ya gunia chini ya kibanda cha makuti, anakata majani ya vitunguu kwa kisu kifupi. Mfereji ulipita nyuma yake, na Atupele akajikuta anahesabu majaruba. Yalikuwa sita.

"Shikamoo, mama," alisema Sechelela bila kuacha kukata.

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Nzuri. Umekuja kupima?"

"Sikuja kupima."

"Waliokuja mwezi wa tatu nao walisema hivyohivyo. Wiki iliyofuata tukakuta vigingi shambani."

Atupele aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa kabla hajakaribishwa. "Una binti wa miaka kumi na mmoja."

Kisu kikasimama. "Yuko shule. Nani amekwambia? Na wewe unamtakia nini mwanangu?"

Ilibidi aseme ukweli, na ukweli ulipotoka mdomoni ulisikika kama maneno ya mganga wa mtaani. Alieleza kuhusu mashine, kuhusu shahidi, kuhusu nyumba zitakazovunjwa baada ya miaka miwili, kuhusu gauni la kijani. Sechelela alisikiliza kisu kikiwa bado mkononi, macho yake yakimchunguza mgeni kuanzia viatu hadi kilemba, kama mtu anayetafuta mahali uongo ulipofichwa. Mwisho aliuliza swali ambalo Atupele hakulitegemea.

"Anafanana na nani?"

"Paji la uso ni lako. Lilelile."

"Anaishi vizuri?"

"Ana nyumba. Hapahapa, karibu na mfereji. Na wewe uko hai, umezeeka sana, unalalamikia vitunguu vya dukani."

Sechelela aligeuza uso kuelekea mashambani. "Kwa hiyo wamekutuma uniambie nikubali."

"Hapana."

"Basi unataka nikatae, uwe na la kwenda kuwaambia."

"Sijui nimekuja kutaka nini," alisema Atupele, na ilikuwa kweli.

"Mimi siuchukii mji, mama. Mdogo wangu yuko huko, anaendesha mashine ya kufyatua matofali. Siku nikitaka kuja nitafunga mizigo yangu mwenyewe, nitakuja. Lakini mje mnivunjie, halafu mniandike kwenye daftari lenu kwamba sina pa kukaa, ndiyo maana mnahitaji shamba langu?" Akachukua kitunguu kingine. "Hiyo mimi sijui ninyi wasomi mnaiitaje. Sisi tuna jina lake, ila we ni mkubwa kwangu, sitalisema."

*

Majibu ya kipimo yalitoka Alhamisi asubuhi, ukurasa mmoja. Mpaka ukibaki ulipo, watakaokosa pa kuishi hawakuwa laki nne na elfu kumi bali laki moja na elfu kumi na mbili. Waliobaki wote walitoweka pamoja na mpaka uliosogezwa: wajukuu wa waliovunjiwa, wajenzi waliokuja kujenga Swila Mpya, wachuuzi waliowafuata wajenzi, na watoto wa hao wote. Ardhi iliyohitajika kweli ilikuwa hekta elfu tatu na mia moja. Chini ya ukurasa mashine iliongeza mstari ambao hakuna aliyeuomba: ndani ya mpaka wa sasa kuna hekta elfu tatu na mia nne zisizo na mkazi hata mmoja. Ni uwanja wa ndege wa zamani na maghala ya reli.

Kihwelo alikuja mwenyewe hadi mezani kwake, akavuta kiti.

"Sasa unajua," akasema.

"Wewe ulijua tangu mwanzo."

"Nilijua." Hakuinamisha uso. "Wenye maghala nimewaendea mara mbili. Mara ya kwanza nilipewa onyo, mara ya pili almanusura nipoteze kazi. Ardhi ile haitatoka nikiwa hai. Bonde litatoka, kwa sababu wenye bonde hawana mtu wa kumpigia simu. Si haki, sijasema ni haki. Lakini kuna watu laki moja na elfu kumi na mbili ambao haja yao ni ya kweli, Bi Atupele, na baadhi yao wameshazaliwa. Unafahamu wanalala vipi. Ukikataa, nao watasubiri miaka kumi, na baada ya hapo maghala yatakuwa bado yamefungwa."

Atupele alitafuta ulaghai kwenye uso ule mpole, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hakika kama upo. Hilo lilimtia hofu kuliko kama angeuona.

Saa sita mchana alikwenda bwenini kwa Lugano. Binti yake, mume wake na watoto wawili walikuwa na kitanda kimoja cha chini kwa saa nane kwa siku, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, kisha walikipisha kwa familia nyingine na wao wakaenda kazini, na watoto wakakaa kwenye ukumbi wa chini mpaka alfajiri. Lugano alitoka nje kwenye korido ili wasiwaamshe waliolala. Bado alikuwa amevaa ovaroli ya kituo cha kusafishia maji.

"Shikamoo, mama. Umekonda."

Atupele alimweleza yote, kwa kunong'ona. Lugano alisikiliza akiwa ameegemea ukuta.

"Namba yangu ni ya kweli au ya uongo?"

"Yako ni ya kweli."

"Basi saini. Watu wamewahi kusaini mabaya zaidi ya hayo na wakalala usingizi."

"Kuna watu bondeni, Lugano. Nimewaona."

"Na mimi unaniona." Sauti yake haikupanda. "Wale wana mashamba. Mimi nina saa nane. Au ndiyo yale yale, mimi ni wako kwa hiyo sihesabiwi, usije ukaonekana umependelea?"

Atupele alishuka ngazi polepole. Swali lile lilikuwa limegusa mahali pake. Sasa alikuwa anajishuku mwenyewe. Kama angekataa, je, angekataa kwa sababu hesabu ni ya uongo, au kwa sababu anaogopa kusemwa? Na kama angetia sahihi, nani angempa binti yake kitanda, haki au mama?

*

Ijumaa, ukumbi wa baraza ulijaa kabla ya saa nne asubuhi. Makamishna saba waliketi mbele. Wendelina alionekana kwenye kioo kikubwa kuliko mtu, gauni lilelile, kifungo kilekile. Kwenye safu za nyuma Atupele alimwona Sechelela na wanawake wengine wa Swila, na upande wa pili, karibu na mlango, alimwona Lugano. Hakuna kati yao aliyemtikisia kichwa.

Ukurasa wa kipimo cha kinyume haukuruhusiwa kusomwa barazani. Ulikuwa siri ya Idara. Lakini maswali kwa shahidi yalikuwa ya muulizaji mwenyewe, na majibu yalikwenda kwenye kumbukumbu za wazi.

"Wendelina, mwambie Mwenyekiti bibi yako alikuja mjini kwa sababu gani."

"Mpaka ulisogezwa, nyumba ikavunjwa."

"Usingesogezwa, angekuja?"

Fundi aliyekaa kando ya mitambo aliinua kichwa, mkono wake ukakaribia swichi, akamtazama Kihwelo. Kihwelo hakusogea.

"Hapana," alisema Wendelina. "Asingekuja. Angelima mpaka miguu ikatae, angefia Swila."

Mnong'ono ulipita ukumbini. Kamishna mmoja akaanza kugeuza makaratasi kwa haraka, kana kwamba jibu lingekuwa limeandikwa mahali.

"Na wewe?"

"Mimi ningekuwa mtu mwingine. Au nisingekuwepo."

Atupele alikuwa amejiambia asiulize swali linalofuata. Aliliuliza. "Unataka nitie sahihi?"

"Nataka kuwepo," alisema Wendelina. "Nani asiyetaka. Lakini kazi yako si kuuliza hilo. Umekuja kuuliza kama nina haja ya ardhi." Macho yake yalihama, kana kwamba angeweza kuuona ukumbi. "Bibi yangu anayo tayari."

Hata wakati ule Atupele alijiuliza nani anasema. Alijiuliza kama mashine imeamua kusema kweli, au kama mtu fulani ghorofani amechoka na uongo wake akaamua kumtumia yeye. Alimtazama Kihwelo, na Kihwelo alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe. Hakupata kujua, siku ile wala baadaye.

Alisimama. "Mwenyekiti, haja iliyoombwa haikutokana na ongezeko la watu wa Lukangao. Sehemu yake kubwa imetokana na ombi lenyewe. Siwezi kutia sahihi."

Fundi alibonyeza swichi. Wendelina alizimika katikati ya kupepesa jicho, na mahali alipokuwa pakabaki kioo cheusi chenye sura za watu waliojaa ukumbini.

Nje, kwenye ngazi, Kihwelo alimpa mkono. Mkono ulikuwa wa baridi na laini. "Miaka kumi, Bi Atupele," alisema tu, akaenda zake. Wanawake wa Swila walipita bila kumshukuru; Sechelela alisimama kidogo, akamtazama kama siku ile ya kwanza, viatu hadi kilemba, bado anatafuta, kisha akawafuata wenzake. Lugano hakuwepo tena mlangoni. Atupele alimpigia simu mara tatu, haikupokelewa.

Jioni hiyohiyo aliletewa barua ya kustaafishwa. Jumamosi hakutoka. Jumapili, saa nne asubuhi, alikuwa anafua nguo aliposikia vishindo kwenye ngazi na mtoto analia, kisha kitu kizito kikaburuzwa na kugonga mlango.

Alifungua. Lugano alikuwa amesimama na godoro jembamba mabegani. Nyuma yake alikuwepo mume wake na masanduku mawili, na watoto wameshika sufuria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Una vyumba viwili," alisema Lugano. "Hiyo miaka kumi tumeamua kuikalia kwako."

Atupele aliuchunguza uso wa binti yake kutafuta hasira, au msamaha, au mzaha. Aliona uchovu wa mtu aliyetoka zamu. Akaifuta mikono yake yenye povu kwenye kanga, akashika ncha moja ya godoro, wakalipitisha mlangoni kwa ubavu.